Mwalimu wa Daktari na Mkono wa Mtoto Wako



Maembe yakiiva huku Migori na Homa Bay, watoto wetu hushinda juu ya miti, na wengine huanguka. Anayeanguka hunyoosha mkono ajizuie, na uzito wote wa mwili huishia kwenye kiwiko. Mfupa ulio juu kidogo ya kiwiko ni mwembamba, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 8 hivi huvunjika upesi. Watu wazima nao wana yao. Kijana wa boda boda anateleza kati ya Rongo na Awendo, mchimba dhahabu anaanguka shimoni Nyatike, mvuvi anavutwa na kamba ya mashua Mbita. Bega linateguka.

Tunapotembelea vikundi tunaulizwa: "Mbona hospitali ya karibu inatutuma mpaka Kisumu? Kwani daktari si daktari?" Swali hili ni zuri. Ili tulijibu, tuangalie kwanza daktari wa mkono anafundishwa na nani, na kwa njia gani.

NJIA NI NDEFU

Hapa Kenya mtu husoma udaktari miaka 6 chuoni, halafu hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Bado huyo si mpasuaji wa mifupa. Akitaka ubingwa huo atasoma tena miaka 5 hivi. Wengine husomea Chuo Kikuu cha Nairobi au Moi kule Eldoret. Wengine hupitia COSECSA, yaani Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye ofisi Arusha.

COSECSA haina madarasa makubwa kama vyuo vingine. Mwanafunzi hukaa katika hospitali iliyokubaliwa, akitibu wagonjwa chini ya mpasuaji mwenye uzoefu. Hospitali za misheni kama Tenwek, Bomet, na Kijabe, Kiambu, zimezoeza wapasuaji kwa namna hii.

Baada ya hapo wachache huongeza karibu mwaka mmoja wa kushughulika na bega na kiwiko peke yake. Nchi za ng'ambo zina mafunzo hayo tangu zamani. Daktari Charles Neer wa New York alifundisha wengi kazi ya bega, na mwaka 1982 akawa rais wa kwanza wa chama cha wapasuaji wa bega na kiwiko cha Marekani. Kwetu wenye ubingwa huo bado ni wachache, na wengi wao wako miji mikubwa.

ANAFUNDISHAJE?

Kazi hii haisomwi kwa kitabu tu. Ni kama kufuma wavu: unakaa karibu na fundi, unatazama vidole vyake. Kwanza mwanafunzi hutazama. Kisha husaidia. Mwishowe hushika kisu mwenyewe, mwalimu amesimama ng'ambo ya meza, tayari kumwambia, "Ngoja, hapo sipo."

Kwa nini mwalimu asimame hapo? Gonga kiwiko chako upande wa ndani, utasikia ganzi mpaka kidole cha mwisho. Huo ni mshipa wa fahamu, unapita karibu kabisa na mfupa. Mbele ya kiwiko kuna mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Daktari anapoingiza pini nyembamba kushika mfupa wa mtoto, akikosea kidogo anaweza kuumiza mshipa, na mtoto akabaki na mkono dhaifu.

Mwalimu hufundisha pia wakati wa kutopasua. Bega lililoteguka leo mara nyingi hurudishwa leo leo kwa dawa ya maumivu na mikono iliyozoea, bila kisu. Likikaa wiki kadhaa, mara nyingi litahitaji upasuaji mkubwa, na huenda lisirudi kuwa kama zamani.

Mpasuaji asiyefundisha hutibu wale waliofika kwake tu. Anayefundisha huacha mikono mingine nyuma yake: wapasuaji wadogo, makliniko ofisa wa mifupa na mafundi wa plasta. Hao ndio tunaokutana nao kwanza huku mashinani. Mkono mmoja haulei mwana.

NA MAFUNDI WETU WA MIFUPA?

Tunawaheshimu wazee wanaofunga mifupa kijijini. Lakini lazima tuseme ukweli. Kiwiko kilichovunjika huvimba. Kikifungwa kwa vijiti na kamba ya kukaza, damu hukosa njia, na nyama ya mkono huanza kufa kwa muda wa saa chache tu. Daktari Richard von Volkmann wa Ujerumani alieleza jambo hili mwaka 1881. Vidole hujikunja kama kucha za kuku na havifunguki tena. Hapo hata bingwa wa ng'ambo hawezi kurudisha yote. Wazee wetu wanaweza kuwa rafiki wa kwanza wa mtoto wakikubali kusema, "Hiki ni kiwiko, mpelekeni hospitali."

TUFANYE NINI?

1. Usivute, usikande, usikaze. Beba mkono kwa leso shingoni, kama ulivyo.
2. Tazama vidole. Vikiwa baridi, vimepauka, vina ganzi, au mtoto analia sana akinyooshwa vidole, hiyo ni dharura. Legeza chochote kilichofungwa na uondoke sasa hivi, hata kama ni usiku.
3. Usimpe chakula njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi.
4. Akishafungwa plasta, endelea kutazama vidole. Vikibadilika, rudi siku hiyo hiyo.
5. Kikundi kiweke mfuko wa dharura wa nauli, mbali na pesa za kukopeshana. Kila nyumba ijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.
6. Kaunti inapoita wananchi kwenye vikao vya bajeti, tusikae nyumbani. Tuombe mashine ya eksirei inayofanya kazi, na tuulize kama hospitali yetu inaweza kupokea wapasuaji wanaojifunza pamoja na walimu wao. Mwalimu akija huku, safari ya Kisumu inapungua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

- Mtoto akivunjika kiwiko leo jioni kijijini kwetu, nani ana gari au pikipiki, na nauli itatoka wapi?
- Nani ataongea na mzee wetu wa mifupa, na kwa heshima gani?
- Ni nani kati yetu atakayeenda kikao cha bajeti?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika majibu katika daftari la kikundi.