Barasi si Jedhamu: Baka la Mkononi na Ulimi wa Watu

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii sote twaijua, na sote twawaambia wenzetu. Yakitufika wenyewe, twaisahau. Mimi niandikaye haya niliisahau miezi minane mizima, nami ni mtu alaye kwa kalamu na ajidaiye kuwafahamisha watu. Leo nataka niwaeleze wasomaji wangu yaliyonifika mkononi, kwani naamini kuanzia Vanga hadi Kiunga hapakosi mtu auchomekaye mkono wake ndani ya mfuko wa kanzu kama nilivyouchomeka mimi.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu, mwaka juzi. Natawadha alfajiri kwenye birika la msikiti, taa i juu yangu, mara naona ncha za vidole vya mkono wa kulia zimeingia weupe kama zilizochovywa katika chokaa. Mgongoni mwa mkono huo huo pana baka moja, duara, ukubwa wa sarafu. Nilisugua kwa maji nikidhani ni chokaa kweli. Halikutoka. Haliumi, haliwashi, halina gamba. Ni jeupe tu.

Mwezi wa Shaabani ulipoingia, baka lilikuwa limezaa wenzake wawili, na watu wameshaona. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Yuko aliyesema nimekula samaki nikateremshia maziwa, itikadi ambayo si yetu peke yetu, maana iko Bara Hindi na Uarabuni pia. Yuko aliyesema ni kijicho, kwa kuwa jina langu latoka gazetini. Shangazi yangu alisema ni jini wa pwani, akaniletea kombe lililoandikwa kwa zafarani. Nililinywa, na dua yake naishukuru hadi leo. Lakini wengine hawakusema kitu, na hao ndio walionitia hofu.

Kisha ikaja Ramadhani. Siku ya sita jirani alitualika futari, nasi kama ada yetu tukakaa mkekani, watu watano kwa sinia moja: mhogo wa nazi, viazi vitamu, kaimati, na samaki wa kupaka. Nilipoosha mikono na kusogea, kijana wa nyumba akanijia na sahani yangu peke yangu. Hakuna aliyetamka neno. Mwenyeji akasema, “Wewe Mwalimu, kula kwa nafasi.” Nikala kwa nafasi. Katika umri wangu wa zaidi ya miaka hamsini, sijapata kula chakula kichungu kama kile.

Usiku ule sikulala, na aliyeniweka macho ni mtu aliyekufa zamani. Nilipokuwa mwana wa chuo katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtaani kwetu alikuwako mzee mshona kofia. Mikono yake ilikuwa na mabaka meupe hadi vifundoni. Kofia zake zilisifiwa, na walozivaa walikuwa wengi, lakini muuza kahawa alikuwa amemtengea kikombe chake, kimefungwa uzi mwekundu mkononi mwa kikombe ili kisichanganyike na vyengine. Sisi watoto tukitumwa kwake kuchukua kofia, tulikuwa tukipokea kwa ncha ya kanzu, kisha twakimbia kunawa. Mzee yule alikuwa akituona. Hakutukemea hata siku moja. Nami ndiye niliyekuwa nikikimbia mbele ya wenzangu.

Baada ya Idi nilianza kujitibu kwa siri. Rafiki mmoja aliniambia nipake maji ya ndimu kisha niuote jua, rangi itarudi. Siku ya pili ngozi iliwaka moto, ya tatu ikavimba malengelenge. Yalipopasuka na kukauka, mabaka yalikuwa pale pale, na kandokando yake pamechorwa michirizi myeusi. Sasa nilikuwa na mkono wa rangi tatu. Ndipo mama watoto aliponiambia, “Baba fulani, kama hukwendi hospitali kwa ajili yako, nenda kwa ajili yetu. Na sisi twala na wewe.” Nikaenda.

Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkua, akaushika mkono wangu bila ya glavu, akaugeuza na kuugeuza. Kisha maswali. Mzee, kazi yako hushika dawa za kufulia, rangi, au glavu za mpira? Watumia krimu yoyote? Kuna mtu wa ukoo aliyekuwa hivi? Akatazama midomo, vifundo vya miguu na kando ya macho. Akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba mara ndani ya baka mara nje, nami niseme kila ninapohisi. Nilihisi kote. Mwisho akazima taa, akamulika kwa taa ya rangi ya zambarau, iitwayo taa ya Wood kwa jina la Mmarekani aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Mabaka yaling’ara kama mbalamwezi juu ya maji.

“Mzee, hii ni mbalanga,” akasema. “Kizungu huitwa vitiligo. Haimuambukizi mtu, wala haitakuua.”

Akanieleza. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na chembe maalumu zilizo ndani ya ngozi. Katika maradhi haya, askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, hukosea wakazishambulia chembe hizo wenyewe na kuziua. Nikasema moyoni, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kati ya watu 200, mmoja hadi wanne wanayo, weusi kwa weupe. Kwetu sisi huonekana zaidi kwa sababu ya rangi yetu. Mwimbaji Michael Jackson alitangaza mwaka 1993 kwamba anayo, wengi wakamkejeli kuwa ajichubua. Alipokufa mwaka 2009, uchunguzi wa maiti ukathibitisha kuwa alisema kweli. Mara nyengine maradhi haya hufuatana na ugonjwa wa tezi ya shingo, na kwa hivyo nilipimwa damu. Dawa zipo: marhamu ya kutuliza wale askari, na mwanga maalumu wa kumulikwa hospitalini. Lakini binti yule hakunidanganya. Alisema vidole ni vigumu kupona, kwani rangi hurudi kutokea kwenye mashina ya malaika, na ncha za vidole hazina malaika.

Nilimuuliza habari ya ndimu. Akacheka. Ndani ya ndimu mna dawa ambayo ikikutana na jua huiunguza ngozi na kuacha weusi kwa wiki au miezi. Mchuuzi wa maji ya ndimu akisimama juani bila kunawa mikono aweza kupata michirizi hiyo. Nilipokwenda kusoma zaidi nikakuta ajabu. Dawa za jamii hiyo hiyo ndizo zilizotumiwa na matabibu wa Kiislamu kwa barasi. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mbegu za mmea ambazo mgonjwa hunywa kisha hukaa juani. Katika miaka ya 1940, daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyotolewa katika mbegu kama hizo, na kutoka hapo zikaendelea tiba za mwanga za leo. Basi rafiki yangu hakukosa yote. Alikosa kipimo, na dawa bila kipimo ni sumu.

Msomaji asidhani kila rangi mkononi ni mbalanga. Kina mama wajipakao piko wajue kuwa hina ya asili haitoi weusi. Weusi ule mara nyingi ni dawa ya nywele, na iko ngozi inayoikataa, ikavimba na kuacha alama. Wabangua korosho wa kule Kilifi wajua jinsi mafuta ya ganda yaunguzavyo vidole na kuvitia weusi. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni huweza kuufanya mkono uwe mweupe kiganjani na mweusi kwenye vifundo vya vidole. Zebaki hudhuru figo pia. Mwaka 1939 iligunduliwa huko Marekani kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliingia mabaka meupe kwa sababu ya dawa iliyokuwa ndani ya glavu zao za mpira. Alaye mapapai na karoti kupita kiasi huweza kuwa na viganja vya manjano. Lakini macho yakiwa manjano pia, hilo ni jambo la ini au damu, na asingoje kesho. Na mikono iingiayo weusi bila sababu, pamoja na uchovu na kukonda, yaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini au maradhi ya tezi zilizo juu ya figo. Rangi ni moja, sababu ni nyingi. Atazamaye kwa mbali hawezi kujua.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu hawakulitamka pale mkekani. Walidhani nina ukoma. Ukoma, au jedhamu, uko bado, na Kwale na Kilifi ni miongoni mwa kaunti ambako wagonjwa bado huonekana. Lakini dalili zake ni nyengine. Baka la ukoma huwa limefifia au jekundu kidogo, halifiki weupe wa chokaa, na aghalabu huwa na ganzi: ukigusa kwa pamba mtu hahisi. Ndiyo maana ya ile pamba ya binti yangu. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1873 na daktari Armauer Hansen wa Norway. Hakipiti kwa kupeana mkono wala kwa sinia. Hupita kwa pumzi, baada ya kukaa karibu sana na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu, na watu walio wengi miili yao hukishinda wenyewe. Tangu mwaka 1981 iko tiba ya dawa kadhaa kwa pamoja, hutolewa bure, miezi 6 au 12, na mtu akapona. Kinachowakata watu vidole ni kuchelewa: ganzi humfanya aungue na ajikate asijue. Na kinachowachelewesha ni haya, na haya twawatia sisi.

Linaloniuma zaidi ni kuwa hatukuwa na udhuru. Chuoni tulifunzwa dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga na maradhi, nami niliisoma kwa moyo kabla sijang’oka meno ya utotoni. Ndani yake barasi imetajwa peke yake, na jedhamu peke yake. Maradhi mawili, majina mawili. Sisi tuliyakariri kwa tajwidi, kisha tukatoka nje tukayafanya moja. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, alitunga kitabu kizima juu ya wenye barasi, viwete, vipofu na wenye makengeza, akaonyesha kuwa miongoni mwao walikuwamo watu wa daraja na fahari. Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Uways al-Qarani wa Yemen, aliyekuwa na barasi ikamtoka isipokuwa mahali pa ukubwa wa dirhamu. Mtu huyo kwa wema wake kwa mamake, Mtume alimwambia Sayyidna Umar kwamba akiweza, amtake amuombee maghufira. Umar amtafuta mwenye baka amuombee dua; sisi twamtengea kikombe.

Leo mgongo wa mkono wangu umeanza kuingia vidoadoa vya rangi, kama matone ya mvua ya kwanza juu ya mchanga. Ncha za vidole ni nyeupe vile vile, na huenda zikabaki hivyo hadi kaburini. Ramadhani iliyofuata jirani yangu alinialika tena. Safari hii, kabla ya adhana, nilinyanyua mkono juu mbele ya wote nikawaeleza haya niliyowaeleza nyinyi. Mwenyeji aliinamisha kichwa. Kisha akalisukuma sinia katikati, akausogeza upande wake wa mhogo karibu nami. Mmoja hakula. Wanne tulikula.

Mzee mshona kofia sikumuwahi. Nimeuliza wajukuu wake wanionyeshe kaburi, nikaenda nikamsomea Fatiha, na kumtaka radhi kwa kile kilichokuwa kikifanywa na mikono yangu mizima. Na kwa kuwa sina kofia ya kumshonea, namshonea beti hii:

Mkono ukipauka, si haki watu kunena,
Kwanza sababu kusaka, kwa wenye ilimu pana,
Barasi haina shaka, si ya kuambukizana,
Sahani moja kuweka, na mikono kupeana.