Mafuta ya Mwili: Tuyapimeje?

Wengi wetu tukipanda mizani tukaona kilo zimepungua hufurahi, wala hatujiulizi kilichopungua ni nini. Mizani haipambanui mafuta na misuli. Nayo mafuta yenye hatari zaidi ni yale yaliyojificha tumboni, kwani huandamana na maradhi ya sukari na ya moyo.

Ziko mashine zipitishazo umeme mdogo mwilini na kuyakisia mafuta, kwa kuwa maji huupitisha umeme vyema kuliko mafuta. Lakini aliyepungukiwa na maji huenda akaonyeshwa hesabu isiyo yake.

Kipimo chepesi ni futikamba, ile ya fundi cherehani. Izungushwe baina ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila ya kubana. Yafaa kiuno kisifike nusu ya kimo: mwenye kimo cha sentimita 160, kiuno chake kiwe chini ya 80. Mja mzito hahusiki.

Na tupime kila juma, asubuhi kabla ya kula, tukaandike. Hesabu ya siku moja yaweza kutuhadaa. Ya miezi mitatu hutuonyesha tuendako. Basi tuanze nyumbani, wazee kwa vijana, kabla maradhi hayajatutangulia.