Jina lilimficha mwandishi wa kike Australia, kitabu sauti kinamfichua

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wanafunzi wa fasihi kwamba kusikiliza kitabu si kusoma. Mwanafunzi akisema kwamba riwaya fulani aliisikiliza kwenye simu akiwa ndani ya matatu, hutazamwa kana kwamba amepita njia ya mkato. Eti msomaji halisi ni yule anayefunua kurasa! Nimekutana na dhana hii mara nyingi katika kufundisha kwangu, na leo ningependa kuijibu kwa mfano wa mbali kidogo: vitabu vinavyosimulia maisha ya wanawake wa Australia. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ndani yake swali la sauti ya mwanamke, nani anaitoa na nani anaisikia, linajitokeza bayana.

Kwanza, istilahi. Wapo wanaosema kitabu cha kusikiliza na wapo wanaosema kitabu sauti. Nitatumia jina la pili kwa kuwa ni fupi. Kitabu sauti si mchezo wa redio. Kwa kawaida ni msomaji mmoja anayesoma matini nzima neno kwa neno, naye anayesikiliza hupokea maneno yaleyale yaliyopigwa chapa. Isitoshe, kitabu sauti hakikubuniwa kwa ajili ya wavivu. Nchini Uingereza, vitabu vya kwanza vya aina hii vilitolewa mwaka 1935 kwenye santuri kwa ajili ya wasioona, wakiwemo wanajeshi waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miongoni mwa vya mwanzo vilikuwa riwaya ya Agatha Christie na nyingine ya Joseph Conrad. Basi anayedharau kusikiliza anawadharau watu ambao kwao sikio ndilo jicho.

Sasa tuingie Australia. Mwaka 1901, kampuni moja ya Uskoti ilichapisha riwaya iitwayo My Brilliant Career. Jina la mwandishi lilikuwa Miles Franklin, na Miles ni jina la kiume. Ukweli ni kwamba aliyeandika alikuwa msichana wa mashambani, Stella Maria Sarah Miles Franklin, aliyezaliwa 1879. Alitaka jinsia yake isijulikane ili kazi ipimwe kwa uzito wake. Kinaya ni kwamba Henry Lawson, mwandishi maarufu aliyemsaidia, alifichua siri hiyo katika utangulizi wa kitabu. Alisema kwamba hakusoma kurasa nyingi kabla ya kutambua kuwa mwandishi ni msichana.

Franklin hakuwa peke yake. Ethel Florence Lindesay Richardson aliandika kwa jina la Henry Handel Richardson. Riwaya yake The Getting of Wisdom, inayohusu maisha ya msichana katika shule ya bweni, ilitoka 1910 ikiwa na jina hilo la kiume. Kumbuka kwamba wakati huo wanawake wa Australia walikuwa tayari na haki ya kupiga kura. Jimbo la Australia Kusini liliwapa haki ya kupiga kura na kugombea viti vya bunge mwaka 1894, na sheria ya taifa ikafuata 1902, ingawa iliwaacha nje wengi wa wenyeji asilia. Kwa hivyo mwanamke aliweza kupiga kura kwa jina lake, lakini alipotaka kuandika riwaya aliona ni salama kuazima la mwanamume.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza ilipo. Maandishi yanaweza kuficha jinsia. Sauti ya binadamu huifichua upesi mno. Sisi wa Kiswahili tunalijua hili vizuri. Ukiandika "alisema" au "akaondoka", hakuna kiambishi kinachonionyesha kama mtendaji ni mume au mke. Sarufi yetu hainyoshi kidole. Lakini mtu akiyatamka maneno hayohayo katika nafsi ya kwanza, msikilizaji huanza kumjenga msemaji kichwani: umri wake, jinsia yake, alikolelewa, hata uchovu wake. My Brilliant Career imesimuliwa katika nafsi ya kwanza na msichana aitwaye Sybylla. Mtayarishaji wa kitabu sauti hawezi kukwepa swali ambalo mchapishaji wa 1901 aliweza kulikwepa: nani atasema "mimi"? Anapomkabidhi mwanamke maikrofoni, lakabu ya kiume inabaki kwenye jalada tu.

Hoja ya pili ni kwamba kusoma kwa sauti ni kufasiri. Katika riwaya hiyo Sybylla anapendwa na Harold Beecham, mmiliki wa shamba kubwa la mifugo, naye mwishowe anakataa kuolewa. Anataka maisha yake mwenyewe, na anataka kuandika. Mimi ninayesoma kimoyomoyo ninaweza kupita kwenye ukurasa huo bila kuamua kama kukataa kwake ni kwa majivuno, kwa hofu au kwa huzuni ya mtu anayempenda anayemkataa. Msomaji wa kitabu sauti hana uhuru huo. Lazima achague kiimbo. Jaribu kusema "siwezi kuolewa nawe" kwa kidatu cha juu, kisha kwa kidatu cha chini na kituo kirefu baada ya "siwezi". Maneno ni yaleyale, ila umetuletea wanawake wawili tofauti. Mwanaisimu atakwambia kwamba kiimbo, shadda na kituo si mapambo ya lugha. Ni sehemu ya maana.

Suala la lafudhi ni zito zaidi. Mwaka 1965, wanaisimu A. G. Mitchell na Arthur Delbridge walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu usemaji wa vijana wa Australia. Waliugawa katika makundi matatu: lafudhi nzito ya kienyeji, lafudhi ya kawaida, na lafudhi iliyopaliliwa inayokaribia ile ya Waingereza wasomi. Shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilianzishwa 1932, na kwa miaka mingi watangazaji wake walizungumza kana kwamba wako London. Lugha ya jikoni, ya zizini na ya dukani haikuhesabiwa kuwa lugha ya redio. Mwanamke wa mashambani angeweza kuandikwa vitabuni, ila sauti yake halisi isingepita mlangoni mwa studio. Leo vitabu vyao vikisomwa kwa lafudhi za Australia kwenyewe, hilo si jambo dogo. Ni kuirudisha hadithi kwenye kinywa kilichoizaa.

Tena, vipo vitabu ambavyo vilianza kama sauti kabla ya kuwa maandishi. My Place cha Sally Morgan, kilichotoka 1987, ni mfano mzuri. Morgan alikulia Perth akiambiwa kwamba familia yake ina asili ya India. Baadaye aligundua kuwa ni wenyeji asilia wa Australia, na kwamba nyanyake, Daisy, alikuwa ameificha asili hiyo kwa hofu ya serikali kuwanyang'anya watoto. Morgan alichukua kinasa sauti akawarekodi kaka ya nyanyake, mamake na hatimaye nyanyake mwenyewe. Masimulizi yao yamo kitabuni, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Nyanya alikubali kusema kwa shida, na mengine alikataa kabisa kuyatoa. Kitabu hicho ni kanda zilizogeuzwa kuwa kurasa. Kikisomwa tena kwa sauti, kinakuwa kimerejea nyumbani.

Doris Pilkington Garimara naye aliandika Follow the Rabbit-Proof Fence, kilichochapishwa 1996, kutokana na aliyoyasikia kwa mamake, Molly, na mamake mdogo, Daisy. Mwaka 1931 wasichana watatu, Molly, Daisy na Gracie, walichukuliwa na serikali kutoka Jigalong na kupelekwa Moore River, kaskazini mwa Perth, chini ya sera ya kuwatenga watoto wenye damu mseto na mama zao. Walitoroka. Walitembea takribani kilomita 1,600 wakifuata ua uliojengwa kuzuia sungura. Gracie alikamatwa njiani. Molly na Daisy wakafika kwao. Ndani ya kitabu mna maneno mengi ya lugha yao, na mwishoni mna faharasa ya kuyaeleza. Machoni mwa msomaji wa mbali, maneno hayo ni herufi za kurukwa. Masikioni hayarukiki. Anayesoma kwa sauti hana budi kujifunza namna ya kuyatamka, naye msikilizaji hana budi kukubali kwamba wasichana wale walikuwa na lugha kabla ya kufundishwa Kiingereza cha bwenini. Hapo ustahimilivu unasikika katika tamko la neno.

Je, sauti ya mwanamke ina nguvu gani katika mambo ya umma? Tarehe 9 Oktoba 2012, Julia Gillard, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Australia, alisimama bungeni akamjibu kiongozi wa upinzani kwa takribani dakika 15 kuhusu chuki na ubaguzi dhidi ya wanawake. Gillard alizaliwa Wales, akakulia Adelaide, na lafudhi yake nzito ilikuwa imekejeliwa kwa miaka. Kumbukumbu rasmi za bunge zina maneno yake yote. Lakini si kumbukumbu hizo zilizoizunguka dunia, ni sauti. Siku chache baadaye, wahariri wa kamusi ya Macquarie walitangaza kupanua fasili ya neno hilo la Kiingereza. Awali lilieleza kuwachukia wanawake; sasa likajumuisha pia dhana potovu zilizokita mizizi dhidi yao. Wapo waliolalamika kwamba kamusi inafuata siasa. Mhariri alijibu kuwa watu walikuwa wakilitumia neno kwa maana hiyo kwa miaka mingi, na kamusi ndiyo iliyochelewa. Mwanaleksikografia yeyote atakubali. Kamusi huifuata midomo ya watu.

Sidai kwamba kitabu sauti hakina kasoro. Kinaamua mwendo kwa niaba yako, hakikuonyeshi tahajia, na msomaji mbaya anaweza kukiua kitabu kizuri. Aidha, siku hizi mitambo ya akili unde inasoma vitabu kwa sauti iliyolainishwa, kwa bei nafuu. Hofu yangu ni hii: tukiukabidhi mtambo hadithi ya nyanya aliyesitasita kusema, nani atasitasita? Kusitasita kwake ni sehemu ya ushahidi.

Hili linatugusa hapa Kenya moja kwa moja. Mkataba wa Marrakesh, unaorahisisha utoaji wa vitabu katika miundo inayowafaa wasioona, uliridhiwa na Australia 2015, nasi tukajiunga 2017. Sheria, basi, si kisingizio tena. Kinachohitajika ni uamuzi. Mwanafunzi asiyeona anayesoma riwaya teule ya Kiswahili anastahili kuipata kwa sauti wakati uleule ambao mwenzake anapata nakala ya karatasi. Na tutakapoketi kurekodi, maswali ya Australia yatatusubiri: mhusika wa kike wa Pate, wa Busia au wa Kibera atasomwa na nani? Kwa lafudhi gani? Tutamsafisha lugha ili apendeze masikioni mwa mabwana wa sanifu, au tutamwacha aseme kama anavyosema?

Maoni yangu ni kwamba wachapishaji wetu wawahusishe wanaisimu, waandishi wenyewe na watu wa jamii inayosimuliwa kabla ya kumchagua msomaji. Nao walimu waache kuwauliza wanafunzi kama wamesoma au wamesikiliza. Wawaulize wamesikia nini, nani alikuwa akisema, na kwa nini alisema kwa sauti ile.