Profesa Odhiambo na Siri ya Mbung'o

Wazee wa Muhuru Bay wanamjua mbung'o kwa madhara yake. Nzi huyu hujificha katika vichaka vya pwani ya Ziwa Viktoria, na ndugu yake hukaa katika bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Huwaambukiza wanadamu malale na ng'ombe nagana. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua maelfu ya watu kando ya ziwa hili, hasa upande wa Uganda.

Kwa miaka mingi watu walipigana na mbung'o kwa kufyeka vichaka, kuua wanyama wa porini na kunyunyiza sumu. Profesa Thomas Odhiambo alishika njia nyingine: mdudu achunguzwe kwanza maisha yake, ndipo udhaifu wake utakapoonekana.

Profesa Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya kilimo katika Uganda. Baadaye alikwenda Cambridge, Uingereza, akachunguza nzige na kupata shahada ya udaktari mwaka 1965. Aliporudi Kenya alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini hakutosheka na kufundisha. Aliona si vema wadudu wa Afrika wachunguzwe ng'ambo tu, na Mwafrika angoje kuletewa majibu. Mwaka 1970 alianzisha mjini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, akakiongoza hadi mwaka 1994. Tawi lake lilijengwa Mbita, kando ya ziwa, karibu na bonde la Lambwe.

Je, siri ya mbung'o ni ipi? Nzi wa nyumbani hutaga mayai mamia, bali mbung'o jike hatagi. Hulea buu mmoja tumboni kwa muda wa siku tisa hivi, akamzaa, na buu huyo hujichimbia ardhini. Basi kizazi chake ni kidogo, na majike wachache wakinaswa kila siku, mbung'o hupungua upesi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kufuata maarifa hayo, wataalamu wa ICIPE walitengeneza huko Nguruman, katika miaka ya 1980, mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi. Rangi humvuta mbung'o, na harufu ya mkojo wa ng'ombe humwita kutoka mbali. Wafugaji wa Kimaasai walijifunza kushona mitego hiyo na kuitunza wenyewe.

Profesa Odhiambo alifariki mwaka 2003, na tawi la Mbita limepewa jina lake. Kijana wa shule wa Migori au Homa Bay apendaye kuchunguza wadudu na asiione kazi hiyo kuwa duni. Mdudu aliyewahamisha watu katika mashamba yao anastahili kusomwa kwa bidii, na anayefaa kumsoma ni yule aliyekaa naye.