Ming'oko ya Masasi na Newala

Wanachama waendao Mtwara na Lindi hurudi wakisimulia mizizi myembamba iliyochemshwa kwa chumvi, inayouzwa mafungu mafungu kando ya njia. Wengine hutuuliza kama ni muhogo wa namna nyingine. Sio muhogo. Ni ming'oko, jamaa ya viazi vikuu vyetu, na wataalamu huiita Dioscorea hirtiflora. Aghalabu haipandwi, huchimbwa vichakani.

Yafaa kwanza kuifahamu nchi yake. Sisi tuna masika na vuli. Masasi na Newala wana msimu mmoja tu wa mvua, takriban Disemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe. Ndiko Askofu Steere alikowapeleka watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, penye mchanga mwingi, na maji ya mvua huzama papo hapo. Mjerumani Karl Weule alipofika mwaka 1906 aliwakuta watu wakishuka mteremko kuteka maji na kupanda nayo.

Mmea hauwezi kushuka kuteka maji, basi huweka akiba. Wakati wa mvua majani hutengeneza chakula, nacho huteremka chini kikawa wanga ndani ya kiazi. Kiangazi kikiingia majani hukauka, na asiyejua hudhani mmea umekufa. Kumbe kiazi ki hai, na mvua za kwanza zikinyesha chipukizi hutoka kichwani, yaani pale kiazi kiliposhikana na shina. Mimea mingine huweka akiba yake juu ya ardhi, mathalan waridi la jangwani lipandwalo vyunguni, ambalo shina lake huvimba kama mtungi. Hilo haliliwi: utomvu wake ni sumu, na Wahadzabe huupaka mishale.

Kwa hivi kichwa ndicho roho ya ming'oko. Mchimbaji akikata sehemu ya chini na kukifukia kichwa pale pale, mmea huchipua tena. Aking'oa chote, amemaliza. Wala mbegu si za kutegemewa sana, kwani dume na jike huota mbali mbali, na jike aliye peke yake hazai. Vichaka navyo vimekatwa kupisha mikorosho, ambayo kwao ni kama mikarafuu kwetu. Mwaka wa mavuno haba watu huikumbuka ming'oko, na hapo ndipo huchimbwa bila ya kurudishiwa kichwa.

Tahadhari moja kwa wenye watoto. Hapa visiwani kuna jamaa yake mwenye majani mapana na vijiazi vinavyoning'inia kwenye shina, aitwaye na wataalamu Dioscorea sansibarensis, kwa jina la Zanzibar yetu. Kiazi chake ni kikubwa, tena ni sumu. Asichimbe mtu kila mtambaazi auonao akidhani ni ming'oko.

Atakaye kujaribu na apate kichwa kutoka kwa mtu wa huko anayeijua, akipande mvua zikikaribia, kama apandavyo kiazi kikuu, penye mchanga pasipotuama maji, na akiwekee mti wa kupandia. Asikiweke karibu na miche ya mikarafuu, maana kitaipanda.