Maumivu baada ya upasuaji wa saratani ya uzazi: ganzi ipi hufanya nini

Mwanamke wa Kiserian anapoambiwa kwamba saratani ya mlango wa kizazi au ya ovari inahitaji upasuaji mkubwa, mara nyingi barua ya rufaa humpeleka Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au hospitali nyingine kubwa. Baadhi ya kina mama huahirisha safari hiyo wakihofia usiku wa kwanza baada ya kuamka, dawa ya usingizi ikiwa imeisha mwilini. Usiku huo utakuwaje hutegemea sana aina ya ganzi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema.

Upasuaji huu huacha maumivu ya namna mbili. Yapo ya ngozi na misuli ya tumbo iliyokatwa, na yapo ya ndani, pale kizazi na tezi za karibu zilipotolewa. Si kila ganzi hufikia yote mawili.

Epidura hufikia yote. Daktari wa ganzi huingiza mrija mwembamba mgongoni, na dawa hupitia humo kwa siku mbili au tatu. Ndiyo yenye nguvu zaidi kwa mkato mrefu wa tumbo, lakini ina masharti. Inaweza kushusha presha na kulegeza miguu, mrija wenyewe wakati mwingine huhama, na lazima wadi iwe na wauguzi wa kumkagua mgonjwa mchana na usiku. Pasipo wauguzi hao, epidura si chaguo la busara.

Njia ya pili ni sindano moja ya mgongo yenye mofini kidogo. Nafuu yake hudumu takriban siku nzima. Huleta mwasho na kichefuchefu, na kwa nadra hupunguza kasi ya kupumua, kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu.

Ya tatu ni ganzi inayodungwa kati ya misuli ya ubavuni mwa tumbo, daktari akiongozwa na altrasaundi. Haishushi presha kama epidura, ila hutuliza ukuta wa tumbo tu. Maumivu ya ndani hubaki. Iliyo rahisi kuliko zote ni ganzi ambayo daktari wa upasuaji huidunga kingoni mwa kidonda kabla ya kumaliza kushona. Hudumu saa chache, lakini haihitaji mashine yoyote. Njia hizi mbili zinategemea dawa nyingine zitolewe kwa saa zake, kama parasetamo, na mofini maumivu yakizidi.

Wengi huogopa kwamba sindano ya mgongo huacha maumivu ya mgongo ya maisha. Kidonda kidogo pale ilipopita kwa siku chache ni kawaida, na kichwa kinaweza kuuma. Ulemavu wa kudumu ni nadra sana. Hatari inayostahili kutajwa zaidi ni damu kuvuja karibu na uti wa mgongo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kila dawa, hata ya mitishamba, itajwe kwa daktari wa ganzi.

Kuvumilia kimya kuna gharama yake. Asiyeweza kukohoa yuko hatarini kupata nimonia, na asiyeinuka kitandani anaweza kuganda damu miguuni, hatari ambayo saratani yenyewe tayari huiongeza. Muuguzi akiuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, ajibiwe kwa ukweli. Mama anayezungumza Kimaasai pekee aandamane na jamaa wa kumtafsiria.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, familia ihakikishe mgonjwa amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na iulize hospitali ni gharama zipi zitalipwa. Baada ya kurudi nyumbani, homa, usaha kwenye kidonda, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida au miguu kufa ganzi upya ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.