Mlaghai wa gemu afungiwe, lakini kwa ushahidi upi? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi programu za udanganyifu zinavyofanya kazi kwenye gemu za mtandaoni: ipo inayomlengea mtu bunduki ili risasi isiende upande, ipo inayomwonyesha maadui waliojificha nyuma ya ukuta, na ipo inayomfunulia ramani ambayo kwa kanuni za mchezo inapaswa kuwa gizani. Leo tuitazame hukumu. Mtu akinaswa na programu ya namna hiyo, kampuni yenye gemu imfungie? Kwa muda gani, na baada ya kuhakikisha nini?

Afungiwe. Nalisema hilo bila kumung'unya maneno, kwa sababu anayeibiwa hapa ni mchezaji mwenzake. Mechi ya kawaida ya Counter-Strike ina watu kumi. Mmoja wao akiwasha programu, tisa waliobaki, hata wale wanne wa upande wake, hawachezi tena. Wamekuwa mapambo ya ushindi wake. Kijana aliyejibana akanunua bando ili ajiburudishe saa moja jioni hana la kufanya. Mazoezi hayamsaidii, akili haimsaidii. Akionewa hivyo mara kadhaa ataifuta gemu, na wenzake watamfuata, mpaka seva zibaki na walaghai wanaowindana wenyewe kwa wenyewe. Kampuni iliyopokea fedha za watu hawa inawajibika kuwalinda.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya watoto watundu tu. Machi 2021 polisi wa China, wakishirikiana na kampuni ya Tencent, walivunja mtandao uliokuwa ukiuza programu za udanganyifu kwa wateja wa nchi nyingi, na miongoni mwa mali walizokamata kulikuwa na magari ya kifahari. Korea Kusini ilikwisha kurekebisha sheria yake tangu mwishoni mwa 2016, ikaweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayetengeneza au kusambaza programu hizo. Ni biashara, na wenye biashara hii ni watu makini.

Umakini huo ndio unaoeleza jambo moja linalowakera wachezaji wengi: kwa nini mlaghai aliyeripotiwa leo anaendelea kucheza hadi mwezi ujao? Valve, kampuni ya Marekani iliyoanzisha mfumo wake wa ulinzi uitwao VAC mwaka 2002, mara nyingi haimfungii mtu papo hapo. Akifungiwa dakika ileile aliyonaswa, muuza programu atajua ni kipengele gani kilichomponza, atakirekebisha usiku huo na kesho atauza toleo jipya. Basi mfumo hukaa kimya, hukusanya majina, kisha siku moja hufungia maelfu kwa mpigo. Muuzaji hubaki na wateja wenye hasira, bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Mtego wa Februari 2023 katika gemu ya Dota 2 unafaa kutazamwa kwa karibu. Mafundi wa Valve walikwisha kugundua njia ambayo programu fulani ilitumia kusoma taarifa ambazo mchezaji hapaswi kuziona. Kabla ya kutangaza lolote, walipenyeza ndani ya gemu sehemu ndogo ya data ambayo mchezo wenyewe hauigusi kamwe. Mchezaji mwaminifu angeweza kucheza mwaka mzima na kompyuta yake isifike pale. Anayeweza kufika ni yule tu anayepekua kumbukumbu ya gemu kwa programu ya wizi. Wakasubiri, kisha wakafungia akaunti zaidi ya 40,000 na kueleza hadharani walivyofanya. Huo ndio ushahidi ninaoutaka mimi: mtu amekutwa chumbani, mahali ambapo asiye na nia mbaya hawezi kupotelea.

Bahati mbaya si kila ushahidi ni safi kiasi hicho. Julai 2010 kampuni hiyohiyo iliwafungia wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 ambao hawakuwa na hatia yoyote. Mfumo ulikuwa ukilinganisha nakala mbili za faili moja: iliyohifadhiwa kwenye diski na iliyopakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati gemu inaendelea. Zikitofautiana, ilichukuliwa kuwa kuna mkono umeingia. Siku zile mkono ulioingia ulikuwa wa Valve wenyewe: huduma yao ilisasisha nakala ya diski, ile ya kumbukumbu ikabaki ya zamani, na mchezaji akahesabiwa mwizi. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliomba radhi kwa maandishi, adhabu zikafutwa, na kila aliyeonewa akapewa nakala ya Left 4 Dead 2 pamoja na nyingine ya kumzawadia rafiki. Ilikuwa fidia ya kiungwana. Lakini watu wale waliokoka kwa sababu walikuwa wengi na kelele zao zilisikika. Angeonewa mmoja peke yake, nani angemwamini?

Kisa kama hicho kilijirudia Oktoba 2023. Kampuni ya AMD ilitoa programu mpya ya kuendeshea kadi zake za picha, yenye kipengele cha kupunguza ucheleweshaji. Kipengele hicho kiliingilia faili za Counter-Strike kwa namna ileile wafanyavyo walaghai, na waliokiwasha wakajikuta wamefungiwa kwa kutumia bidhaa halali. AMD iliiondoa programu hiyo, na Valve ikaanza kuwarudishia watu akaunti zao.

Ikiwa mashine hukosea, binadamu hukosea zaidi. Mwaka 2018 John McDonald wa Valve aliwaeleza watengenezaji wenzake matokeo ya mashtaka yaliyopelekwa mbele ya wachezaji wazoefu, waliokuwa wakitazama marudio ya mechi bila kujua jina la mshtakiwa. Yaliyoletwa na wachezaji wenyewe yalithibitika kwa asilimia 15 hadi 30 tu. Yaliyoletwa na mfumo wa kompyuta uliofunzwa kutambua ulengaji, asilimia 80 hadi 95. Kushindwa kunauma, na anayeumia huona wizi kila mahali. Msichana wa Korea Kusini aitwaye Kim Se-yeon, maarufu kwa jina la Geguri, alishutumiwa mwaka 2016 akiwa na miaka 17 kwamba usahihi wake katika gemu ya Overwatch hauwezekani bila programu. Ilimbidi acheze studioni, kamera ikimulika mkono wake, ndipo midomo ikafungwa. Miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika ligi kuu ya gemu hiyo.

Wakenya wanaofuatilia riadha wanazijua taratibu za dawa za kusisimua misuli. Mwanariadha akituhumiwa ana haki ya kudai sampuli ya pili ipimwe, kusikilizwa, na kukata rufaa hadi mahakama ya michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Mchezaji wa gemu hana hata kimoja. Kampuni inakamata, inashtaki, inahukumu, na rufaa inapokelewa na kampuni ileile. Kesi ya nyani amepelekewa ngedere. Naelewa kwamba kuanika ushahidi wote kungewafundisha wauzaji. Lakini upo uwezekano wa katikati: mtu aambiwe kosa lake ni la aina gani na lilitokea tarehe ipi, na rufaa yake isomwe na binadamu ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza.

Muda wa adhabu nao uwe na ngazi. Niantic, waliokuwa wenye Pokémon GO, walijiwekea utaratibu wa hatua tatu: onyo, kufungiwa siku 30, kisha kufutwa kabisa. Epic Games walichukua njia nyingine Novemba 2019, walipomfungia maisha kijana Mwingereza wa miaka 17 ajulikanaye kama Jarvis, aliyejirekodi akitumia programu ya kulenga katika Fortnite na kuzitangaza video hizo kwa mashabiki wake. Alistahili adhabu kali, kwa kuwa aliutangaza wizi. Maisha yote, kwa mtu wa umri ule, ni kupita kiasi. Mwanariadha mzima anayekusudia kutumia dawa kwa kawaida hufungiwa miaka 4 kwa kosa la kwanza. Kufungiwa maisha ningekuacha kwa mkosaji sugu na kwa anayeiba kwenye mashindano ya fedha.

Tena kuna adhabu inayofungia mashine yenyewe, si akaunti pekee. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Nairobi kompyuta moja hupita mikononi mwa vijana wengi kwa siku. Mlaghai mmoja akiifungisha, yeye atahamia kibanda cha jirani. Hasara inabaki kwa mwenye mashine na kwa wateja wake wa kila siku. Kampuni zinazotumia adhabu hiyo zinapaswa kuweka njia ya haraka ya kuifungulia mashine ya biashara.

Sehemu ya tatu itahusu programu za ulinzi zinazoingia hadi kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, kama Vanguard ya Riot Games, na haki ya mchezaji kujua zinatazama nini.